Kwa nini wakimbizi wengi wamezaliwa tarehe 1 Januari?

#1 Boksi la Tatu (mleta uzi)
Wakuu, salama?

Nipo Lexington, Kentucky, Marekani, nabeba boksi kwenye ghala moja. Zamu ya usiku tunaongea Kiswahili karibu nusu yetu: Watanzania wawili, Wakenya watatu, waliobaki ni Wakongo waliotokea kambi za Kigoma. Pembeni ya mashine ya kahawa kuna ubao, bosi kaandika siku za kuzaliwa za watu wote ili kila mwezi iletwe keki. Nimepita pale mwaka mzima bila kuusoma. Jana kahawa ilikuwa inachuruzika taratibu, nikausoma. Februari mtu mmoja. Machi wawili. Januari kumi na mmoja, na kati yao tisa tarehe moja, 1 Januari.

Nikamuuliza jamaa ninayefunga naye mizigo, naye ni mmoja wa wale tisa. Akacheka, akasema "sisi ni mapacha, mama yetu mmoja," akaendelea kuzungusha nailoni kwenye mzigo. Nikachokonoa kidogo, akanyamaza. Nikaacha.

Nauliza nyie mnaojua: ni kompyuta? Ni wazazi hawakujua? Ni watu wamejipangia? Na mtu aliyekimbia vita akiwa mtoto anaishije na tarehe isiyo yake kwenye leseni, benki, hospitali? Karibuni. Matusi hapana.

#2 Ndoto za Mchana
Nakaa siti ya mbele, nasubiri wajuvi.

#3 Nyundo na Msumari
Jibu jepesi sana hili. Wanapunguza umri. Mtu ana thelathini na tano anajiandikisha ishirini na mbili, na kwa kuwa uongo hauna tarehe anaweka ya kwanza inayomjia kichwani. Wachezaji wetu wa mchangani wanafanya hivyohivyo kila msimu. Uzi ufungwe.

#4 Mtu wa Kasulu
Nyundo, tuliza mshono. Wewe umewahi kuona mtu akiandikishwa kambini?

Mimi nimeona, tena nilikuwa upande wa kalamu. Nyarugusu ilifunguliwa Novemba 1996, huku Makere. Watu walikuwa wanashushwa kwenye malori mchana na usiku, na vijana wa Kasulu tuliojua kuandika vizuri tulipata vibarua vya ukarani. Mwanzoni hakuna aliyeshughulika na tarehe ya mtu. Kilichotakiwa ni idadi: kaya hii ina vichwa vingapi, ili kadi ya posho iandikwe. Kadi yenyewe ilikuwa na namba pembeni, ukichukua unga na maharage inatobolewa. Hata kama ulizaliwa siku ya Idi, kwenye kadi ulikuwa kichwa.

Umri tuliuchukua kwa kukadiria. Mtoto akiletwa na mama, mama anasema "alizaliwa mwaka ule mto ulifurika." Mto upi? Mwaka gani? Akiletwa na jirani, jirani hajui kitu. Basi unatumia kipimo cha shule: pitisha mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Akilifikia, saba. Asipolifikia, sita au tano. Foleni ni ndefu, jua la Kasulu mnalijua.

Baadaye, miaka ya 2004 na kuendelea, UNHCR walileta usajili wa kompyuta. Kompyuta haikubali "miaka saba". Inataka siku, mwezi, mwaka. Makadirio yote yale ya miaka ya nyuma yakageuzwa tarehe: mwaka ukapatikana kwa kutoa, siku na mwezi zikajazwa 01/01. Hivyo Nyundo, wengi hawakudanganya chochote. Hata kuulizwa hawakuulizwa.

#5 Ndoto za Mchana
Kwa hiyo Mtu wa Kasulu ndiye mama wa mapacha wote wa Lexington 😂😂

#6 Mtu wa Kasulu
Sikatai. Natuma salamu kwa wanangu.

#7 Upepo wa Turkana
Sasa wadau. Huku kwetu Kenya ni story ileile. Kakuma ilianza 1992, na kundi kubwa la kwanza lilikuwa vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu, wengi bila mzazi. Wale waliopelekwa Marekani kuanzia mwaka 2000 walienda na 1 Januari karibu wote. Lopez Lomong, yule aliyebeba bendera ya Marekani kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing 2008, alipita hapo Kakuma.

Lakini nyinyi mnaongea juu ya tarehe tu. Kuna makaratasi mabaya kuliko hayo. Kule Garissa, wakati wa ukame, kuna Wakenya kabisa waliojiandikisha kama wakimbizi Dadaab ili wapate chakula. Mtoto akawekwa alama za vidole. Amefika miaka kumi na nane anaenda kuchukua kitambulisho cha taifa, mashine inasema wewe ni mkimbizi. Wako maelfu, wengine wamesubiri miaka mingi sana. Njaa ya wiki moja inakufanya mgeni kwenu.

#8 Nyundo na Msumari
Hizo ni huruma tu. Mbona Alphonso Davies wa Bayern ni mkimbizi na tarehe yake ni 2 Novemba 2000? Anayejua tarehe yake anaisema.

#9 Mtu wa Kasulu
Davies alizaliwa NDANI ya kambi, Buduburam, Ghana. Wazazi ndio waliokimbia vita Liberia. Kambi ina zahanati, mkunga anaandika siku, anampa mama kadi ya kliniki. Watoto waliozaliwa Nyarugusu wana tarehe safi kuliko wewe Nyundo. Wenye 1/1 ni wale waliofika wakitembea.

#10 Shemeji Mtata
Nyundo kapigwa nyundo.

#11 Fizi Kwetu
Bandugu, mimi ni mmoja wa hao mapacha. Si huyo wa ghalani, mimi niko Iowa, ila tarehe ni ileile: 1/1/1990. Kiswahili changu kimechanganyika cha Fizi na cha Kigoma, mtanisamehe.

Kwetu ni Baraka, mji wa Fizi, mashariki mwa Kongo. Oktoba 1996 Uvira ilianguka, vita vikaanza kushuka kandokando ya ziwa kuja kwetu. Nilikuwa mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Hilo nina uhakika nalo, sababu daftari lilikuwa jipya na niliandika "3ème" kwenye jalada, nikaikoleza kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Usiku mama alitutanguliza mimi na yaya kwenye boti ya mbao. Yeye akarudi kumchukua bibi, aliyekuwa hawezi kutembea. Akasema anakuja na boti inayofuata.

Katikati ya ziwa injini ikazimika. Boti ikawa inachezeshwa na mawimbi, nikagonga mdomo kwenye ukingo, nikapoteza meno mawili ya juu ya mbele. Ninachokumbuka ni ladha ya damu iliyochanganyika na dizeli, na yaya akinikandamiza kitenge mdomoni. Mpaka leo sijui kama alikuwa anazuia damu au ananizuia nisilie. Kulipokucha tukashuka Kibirizi.

Siku ya kuandikishwa, mwanzo wa 1997, yaya ndiye alitusemea. Karani akauliza huyu mtoto ana miaka mingapi. Yaya akasema kumi. Karani akaniambia fungua mdomo. Akaona pengo. Akasema huyu ndio kwanza anang'oka meno ya utoto, huyu ni saba. Akaandika saba. Yaya alikuwa na miaka kumi na minne, atabishana vipi na mtu mwenye kalamu?

Meno hayakuota tena. Haya niliyo nayo nimewekewa huku.

#12 Ndoto za Mchana
Pole sana mkuu. Ila mbona kama mlikuwa watoto wa kishua, mnakimbia vita na yaya? Sisi amani tupu na hatukuwahi kuwa na yaya.

#13 Upepo wa Turkana
😂😂 hiyo nami nimeshangaa

#14 Mtu wa Kasulu
Jamani, "yaya" kwa Wakongo ni kaka au dada mkubwa. Si mfanyakazi wa ndani. Anasema dada yake. Binti wa miaka kumi na minne ndiye aliyekuwa mkuu wa kaya.

Na Fizi Kwetu, mimi sikumbuki kumfungua mtoto mdomo, ila makarani tulikuwa wengi. Kama ni mimi, nisamehe.

#15 Ndoto za Mchana
Nimekosa. Nafuta kicheko changu.

#16 Fizi Kwetu
Usifute, yaya mwenyewe akisikia hiyo atacheka. Na Mtu wa Kasulu, sura ya karani siikumbuki, nakumbuka saa yake tu, ilikuwa ya mkanda wa chuma, ikimvuta vinyweleo. Usijali.

#17 Mtu wa Kasulu
Saa ya mkanda wa chuma hata mimi nilikuwa nayo. Wote tulikuwa nazo. Basi, tuendelee.

#18 Jicho la Ziwa
Mimi nilidhani Wakongo wa 96 waliletwa na meli ya Liemba?

#19 Mzee wa Gati
Hapana kijana. Hapa nisahihishe, maana hii meli naijua kuliko ndugu zangu. Ilijengwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua, ikarudi kazini 1927. Wakongo wa 1996 walikuja na mitumbwi na maboti ya mbao, kama alivyosema Fizi Kwetu. Liemba 1997 ilifanya kazi ya KUWARUDISHA, baada ya Mobutu kuangushwa Mei. Ilikwenda Uvira safari ishirini na mbili, watu zaidi ya 75,000. Tena 2015 ndiyo ikaleta wakimbizi, lakini hao ni Warundi, kutoka Kagunga.

#20 Fizi Kwetu
Mzee wa Gati umenikumbusha. Hizo safari za 1997 majirani zetu wengi waliondoka nazo. Walikuja kumshawishi yaya: Kabila ameshinda, twendeni nyumbani. Yaya akakataa. Alikuwa na sababu moja tu, kwamba mama alisema anakuja huku, sasa tukirudi kule tutapishana ziwani.

Tulichekwa. Agosti 1998 vita vikaanza upya. Baadhi ya waliopanda Liemba wakarudi tena Kibirizi na maboti yaleyale ya mbao, wengine hatukuwaona tena. Mama hakuja 1997 wala 1998. Sasa mtu pekee aliyejua nilizaliwa lini ndiye huyo tuliyekuwa tunamsubiri.

#21 Boksi la Tatu (mleta uzi)
Asante kwa kufunguka mkuu. Ukiweza tueleze na huko Iowa ulianzaje.

#22 Warundi Oyee
Ngoja na mimi niseme kabla mada haijahama. Si kila mkimbizi ana 1/1. Mimi nilikimbia Burundi Mei 2015 na mama, na mama alitoka na cheti changu cha kuzaliwa kimekunjwa ndani ya sodo ambayo haijatumika, akijua hakuna askari atakayeipekua. Tulikwama Kagunga pwani, watu maelfu na maelfu kwenye kijiji kidogo kilichobanwa na mlima na maji, barabara hakuna, na kipindupindu kikaingia. Liemba haiwezi kusogea ufukweni, ilisimama mbali, tunapelekwa kwa maboti madogo kuifuata. Kigoma mjini tukalazwa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kwenda Nyarugusu.

Mdogo wangu alizaliwa palepale Kagunga. Tarehe yake inajulikana mpaka saa. Sasa yeye shida yake ni nyingine: huku Kanada kila fomu inasema amezaliwa Tanzania, watu wanamuuliza habari za Serengeti. Alipozaliwa amekaa siku nne, pa pili ni kambi, pa tatu ndipo anapopaota usingizini. Bora tarehe kuliko hiyo? Sijui.

#23 Katumba 72
Sisi watoto wa wakimbizi wa 1972 mmetusahau. Baba yangu alitoka Burundi kijana, akapelekwa Katumba, msitu mtupu, akapewa jembe na shamba. Amelima pale miaka zaidi ya arobaini, kisha mwaka 2014 akapokea cheti cha uraia wa Tanzania, yeye na wenzake wapatao 162,000. Cheti kilipofika, tarehe yake ni 1 JULAI. Nikauliza kwa nini Julai. Nikajibiwa kwamba asiyejua anawekwa katikati ya mwaka, ili asijipunje wala asiwapunje wengine kwenye kustaafu.

Kwa hiyo mleta uzi, ubao wenu ungeandikwa na Mtanzania, keki ingeliwa Julai.

#24 Shemeji Mtata
Sasa hesabu ya kustaafu nimeipenda. Fizi Kwetu kwa karatasi ni wa 1990. Marekani mafao kamili ni miaka 67, anastaafu 2057. Kama kweli alikuwa na kumi kwenye boti, ni wa karibu 1987, alipaswa kupumzika 2054. Karani kala miaka mitatu ya pensheni ya mtu kwa sababu ya pengo. Nyundo, bado unasema walipunguza kwa faida?

#25 Nyundo na Msumari
Sawa, wengine hawakupunguza. Lakini wapo waliopunguza. Msiwafanye wote malaika.

#26 Baba Wawili
Nyundo hapo yuko sahihi kwa namna ambayo hakuikusudia. Mimi nilipunguzwa, na aliyenipunguza ni mama yangu mzazi. Uvira, 1996. Jeshi la Kabila lilipita likikusanya wavulana, ndio hao waliokuja kuitwa kadogo, wakatembea na bunduki mpaka Kinshasa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba lakini mrefu. Mama alininyoa kipara, akanivalisha kaptula ya mdogo wangu, akanifundisha kujibu: nina miaka tisa. Aliniuliza hata usiku ananiamsha: "Una miaka mingapi?" Nikikosea nalambwa kofi. Tulipofika Tanzania karani aliponiuliza, nikajibu tisa bila kufikiri. Nilikuwa nimesahau kwamba hatari imeisha.

Kwa hiyo ndiyo, nilidanganya. Ikanigharimu: mwaka wa kwanza sekondari niko na ndevu.

#27 Ndoto za Mchana
Nyundo, jibu hiyo.

#28 Nyundo na Msumari
Sina la kujibu. Mama alifanya vema.

#29 Fizi Kwetu
Mleta uzi, umeuliza nilianzaje huku.

Kambini nilikaa miaka kumi na tisa. Kutoka nje kunahitaji kibali, kwa hiyo ulimwengu ulikuwa barabara ya vumbi na soko. Tulisoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, ndani ya Tanzania, tukijiandaa kurudi nchi ambayo wengine walizaliwa nje yake. Nikapata diploma ya taifa ya Kongo, nikafundisha hapohapo kambini kwa posho ya motisha. Kesi yetu ya kwenda Marekani iliitwa, mahojiano juu ya mahojiano, kila afisa anauliza tarehe ya kuzaliwa na mimi najibu ile ya karani, maana ukiibadilisha mbele ya afisa kesi yako inalala. 2016 nikapanda ndege na mfuko wa IOM, shirika la uhamiaji, shingoni, ule wenye karatasi zako zote, na deni la tiketi juu. Deni nililimaliza kulipa kabla sijajua kuendesha gari.

Kazi ya kwanza kiwanda cha nyama. Diploma yangu ikawa pambo la ukutani. Nilisimama kwenye mnyororo, nyama inapita mbele yako, unakata sehemu moja tu, ileile, kwa muda wa saa nane. Vidole vya mkono wa kulia asubuhi havifunguki, unavifungua kwa mkono wa kushoto kimoja kimoja kabla ya kuvaa soksi. Sasa nimehama, naendesha forklifti, jioni nasomea uuguzi.

Lakini nirudi kwenye tarehe. Huku tarehe ya kuzaliwa ndiyo ufunguo wa kila mlango. Ukipiga simu benki wanauliza, kliniki wanauliza, duka la dawa wanauliza. Siku moja nikaenda kuchukua dawa ya mke wangu na yangu. Binti wa dirishani akauliza jina, nikataja. Tarehe? Moja, moja, tisini. Akanipa mfuko. Nyumbani nikasoma karatasi: dawa ya sukari. Mimi sina sukari. Kumbe mji ule tupo watatu wenye jina moja la ukoo na tarehe moja, sote tumetoka kambi moja, pengine karani mmoja. Nilirudisha, nikamkuta mwenzangu pale dirishani amepewa dawa yangu ya mgongo. Ndivyo tulivyofahamiana. Leo ni rafiki yangu mkubwa, tunaitana pacha.

#30 Boksi la Tatu (mleta uzi)
Aisee. Basi nimepata wazo, mwakani 1 Januari niwaletee hao tisa keki yao nyumbani, maana ghala huwa limefungwa siku hiyo.

#31 Fizi Kwetu
Waulize kwanza ni wa wapi. Kama ni wa Fizi, usipeleke keki siku hiyo.

Kuanzia 30 Desemba 1998 hadi 2 Januari 1999 watu wetu waliuawa Makobola na vijiji vya jirani, mamia, wanawake na watoto wamo. Ripoti ya UN ya 2010 imeyaandika. Sisi Wafizi mwaka mpya ni ibada ya marehemu. Tunakutana kanisani, majina yanasomwa. Halafu simu mfukoni inalia: hongera kwa siku yako ya kuzaliwa, kutoka benki.

#32 Boksi la Tatu (mleta uzi)
Sikujua. Nimefikiria jamaa yangu alivyonyamaza. Au labda alikuwa amechoka tu, ilikuwa saa kumi alfajiri. Sitamuuliza tena.

#33 Upepo wa Turkana
Poleni sana watu wa Fizi.

#34 Daktari wa Vumbi
Nimesoma kuanzia mwanzo. Mimi natibu meno, si uzi wa fani yangu lakini naona kuna ushahidi mmeuacha mezani. Fizi Kwetu, aliyekuwekea meno huku alikupiga picha ya eksirei? Aliona nini pale penye pengo?

#35 Fizi Kwetu
Alipiga. Alisema upande mmoja kuna kipande cha mzizi kimebaki ndani, ikabidi akitoe. Upande wa pili hakuna kitu.

#36 Daktari wa Vumbi
Basi sikiliza. Jino la utoto likikaribia kung'oka mzizi wake huwa umeyeyuka, na hata kikibaki kipande kwa kawaida hakikai miaka ishirini, huyeyuka au hutoka chenyewe. Mzizi uliobaki mpaka ukubwani mara nyingi ni wa jino la ukubwani lililovunjika. Meno ya juu ya mbele ya ukubwani huota kati ya miaka saba na minane, na mizizi hukamilika karibu miaka kumi. Hivyo siku ya boti huyo hakuwa mtoto anayeanza kung'oka meno. Alikuwa na nane au zaidi. Karani alisoma mdomo vibaya.

#37 Mtu wa Kasulu
Daktari, sisi tulikuwa na penseli tu.

#38 Shemeji Mtata
Mahakama ya meno imeamua! Kumi! Pensheni irudishwe!

#39 Daktari wa Vumbi
Sikusema kumi. Nimesema nane au zaidi. Msinilishe maneno.

#40 Katumba 72
Na mwaka wa tatu wa shule, kama alianza na miaka sita, ni nane au tisa. Lakini kipindi kile watu walianza shule wakipata ada. Anaweza kuwa hata na kumi na moja.

#41 Jicho la Ziwa
Sasa saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja. Mnada huu.

#42 Nyundo na Msumari
Fizi Kwetu, si umuulize dada? Ndiye alisema kumi toka mwanzo.

#43 Fizi Kwetu
Yaya yuko Nyarugusu mpaka leo. Aliolewa, kesi yake ikatenganishwa na yangu. Walishamfanyia mahojiano na vipimo vya afya, kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha kupokea wakimbizi, akabaki na mabegi yamefungwa. Mtandao ukikubali leo usiku nitampigia.

#44 Warundi Oyee
Msalimie sana. Mwambie yule wa kitenge tunamheshimu.

#45 Ndoto za Mchana
Mimi sitoki hapa mpaka yaya ajibu.

#46 Fizi Kwetu
Nimempata. Nimemsomea uzi karibu wote, ile ya "watoto wa kishua" kacheka mpaka salio likakata, nikapiga tena.

Habari ya meno anasema nimekosea. Jino moja lilikuwa limetoka wiki kadhaa kabla ya vita, alining'oa yeye mwenyewe kwa uzi aliofunga kwenye mlango, nikamkimbiza na fimbo. Kwenye boti lilivunjika moja tu. Mimi nakumbuka mawili, yeye anasema moja, na ana hakika kwa sababu lile la uzi alilirusha juu ya paa.

#47 Daktari wa Vumbi
Hii inabadilisha. Kama la kwanza lilikuwa la utoto na jirani yake tayari ni la ukubwani, huyo mtoto alikuwa kwenye saba na nusu, nane hivi. Kwa nini lililotolewa kwa uzi halikuota tena, siwezi kusema bila kuiona picha.

#48 Shemeji Mtata
Maana yake karani alikosea mwaka mmoja tu???

#49 Mtu wa Kasulu
Nilijua. Nilijua tu.

#50 Nyundo na Msumari
Lakini dada anasema kumi! Dada alijuaje kumi?

#51 Fizi Kwetu
Nimemuuliza hilohilo. Amesema ni hesabu rahisi: yeye alikuwa na kumi na minne, na mama alikuwa akisema siku zote kwamba amenipita miaka minne.

#52 Katumba 72
Na yeye tarehe yake ya kuzaliwa ni lini?

#53 Fizi Kwetu
1 Januari 1983.